Nilipima Shingo

Ilizunguka muda wa adhana moja,
ya alasiri, hapa Sparki, nyuma ya duka la betri:
Morisi Maina ya mwaka sitini na moja,
rangi ya chai iliyozidi maziwa,
nami nimesimama na tambara mkononi
nikijisikia fundi.

Moshi haukuwa na neno. Valvu zilinong'ona.
Kijana wangu Kombo alipiga makofi.
Kijitaa cha oili tu ndicho kilichokataa kuzimika.
Nikakigonga kwa ukucha,
nikasema, waya huo, umezeeka, kesho nitaubadilisha.

Mashine ikaanza kusaga meno.

Turudi nyuma. Kamshafti yake ya asili
ilikuwa imelika nundu, mbili zimekuwa bapa
kama visigino vya ndara.
Valvu ya silinda ya tatu ilifunguka kidogo tu,
kama mlango wa mtu anayedaiwa.
Nikatafuta. Mwembe Tayari walinicheka.
Kwa Kirpal, Shimanzi, kerezo lilikuwa bovu tangu Ramadhani.
Changamwe nikaikuta Mini imelazwa ubavu,
haina milango, kuku wanataga kwenye buti,
na tumboni mwake kamshafti inang'aa
kama iliyochovywa jana.
Mwenyewe akaapa: hawa ukoo mmoja, mama mmoja,
wewe tia tu, itakaa.

Nikaipima. Kwa maikromita ya marehemu baba,
shingo ya mbele, ya kati, ya nyuma:
sawa kwa unywele.
Nundu nane, sawa. Meno ya distributa, sawa.
Nikaitelezesha ndani ya bloku, ikaingia
bila kusukumwa, kama mgeni anayeijua nyumba.

Nilipima shingo. Mkia sikuupima.

Huko nyuma, mahali jicho halifiki
mpaka flaiwili itoke,
mkia wa kamshafti ndio unaoizungusha pampu ya oili.
Pampu ya Maina ilikuwa na uma, yangoja pini.
Mkia wa Mini ulikuja na mfereji.
Pini hakuna. Cha kushika hakuna.
Vikatazamana humo gizani,
kimoja kikizunguka kama kichaa,
kingine kimelala juu ya lita tatu za oili
na hata tone halikupanda.

Pacha wa sura. Ziwa hawakunyonya moja.

Beringi za krenki nilizitoa kwa vidole,
zimechubuka hadi shaba.

Mwenye gari ni Bi Zuena, mkunga mstaafu.
Alilivusha daraja la Nyali, lile la zamani lililoelea,
usiku wa manane, mikasi na pamba kiti cha nyuma.
Nikashika njia ya Kuze kumwambia,
nikipanga maneno: kiwanda, Waingereza,
wanabadilisha vitu bila kutangaza.
Nikafika nikasema: nimeiua mashine yako, kosa ni langu.

Hakuacha kuchambua mchele.
"Ulipapasa upande mmoja," akasema.
"Kichwa kila mtu hukitafuta. Mie nikianza na makalio,
kisha ndipo niseme na mama."
Akaniuliza beringi ni shilingi ngapi.
Nikamwambia hilo ni juu yangu.
"Hilo nalijua. Nauliza ngapi."

Pikipiki yangu imeuzwa. Kamshafti yenye pini
iko njiani, au iko forodhani Kilindini,
yategemea umemuuliza nani.
Bloku liko mezani, limefunikwa leso aliyoileta mwenyewe;
maandishi yake nusu yamezama ndani ya silinda,
nasoma ASIYE, basi, mengine siyaoni.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua sanduku la spana,
naingiza kidole kwenye tundu la nyuma,
nazungusha polepole.
Kombo huniuliza natafuta nini.
Namwambia anawe mikono, aje apapase naye.